Feza za kuonyesha: tusome vizuri kabla ya kufungua sanduku kwa ajili ya viza



Siku ya posho iliyopita, katika mkutano wa kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, mama mmoja anayeuza vitenge katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi, aliomba mkopo wa dola 300. Karani akamwuliza ulizo analomwuliza kila mtu: «Ni kwa kazi gani?» Mama akajibu: «Ni kwa viza ya mtoto.»

Mtoto huyo ana miaka 24. Alimaliza masomo ya umeme, na tangu miaka miwili anatafuta kazi bila kuipata. Komisyonere mmoja amekuja nyumbani kwao na kusema kwamba Australia inahitaji vijana, na kwamba kuna viza ya likizo na kazi: kijana anaenda kutembea mwaka mmoja na anaruhusiwa kufanya kazi. Kinachobaki tu ni kuonyesha kwamba kijana ana dola 5 000 za Australia katika banki. Mama asihangaike, komisyonere atamwazima feza hizo kwa siku tatu. Zitaingia katika konti ya mtoto, banki itatoa releve, kisha zitatoka. Malipo ya msaada huo ni dola 300. Mama alikuwa amekwisha kumpa dola 150 nyingine za «kufungua dosie».

Sanduku letu lina kufuli tatu, na mama watatu ndio wanaoshika funguo. Siku ile hatukulifungua kwa mkopo huo. Tulimwomba mama atupe juma moja ili tusome. Si kwamba tulimdharau. Ni kwa sababu hata kabla ya mkutano kwisha, mama wengine wawili walisema kwamba mtu huyo amezungumza nao pia. Ndiyo maana tunawaletea hapa yale tuliyoyasoma, ili kila kikundi kiyajue.

Viza hiyo ni ya nani?

Kwanza tuseme ukweli: viza ya likizo na kazi iko. Komisyonere hakuibuni yeye. Australia iliianza mwaka 1975. Ni kwa ajili ya vijana, kwa kawaida wenye miaka 18 mpaka 30, wanaotaka kuona nchi nyingine na kufanya kazi ndogondogo njiani ili wapate chakula na nauli: kuchuma matunda mashambani, kuosha vyombo katika restora, kutandika vitanda katika hoteli. New Zealand, Canada na Uingereza nazo zina njia za namna hiyo.

Lakini msingi wa viza hiyo ni mapatano kati ya nchi na nchi. Australia inapatana na nchi fulani, inaandika orodha, na mwenye pasipoti ya nchi iliyo katika orodha ndiye anayeweza kuomba. Ubelgiji imo katika orodha ya Australia. Ufaransa imo. Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haimo. Haimo katika orodha ya Australia, wala ya New Zealand, wala ya Canada, wala ya Uingereza. Kwa hiyo kijana mwenye pasipoti yetu, hata akiwa na feza za kujaza chumba, hawezi kupewa viza hiyo. Kabla ya kuhesabu feza, wanaangalia pasipoti.

Tulijiuliza basi habari hii inatoka wapi mpaka mama wengi wanaiamini. Tukaona kwamba inatoka ndani ya jamaa zetu wenyewe. Wengi wetu tuna ndugu walioenda Ubelgiji zamani na kuzaa huko. Siku moja mtoto wa dada yako aliye Liège anatuma picha kwa WhatsApp: yuko Australia, amesimama kati ya miti ya matunda, anacheka. Anaandika kwamba alienda kwa viza ya likizo na kazi. Hadanganyi. Lakini amesafiri na pasipoti ya Ubelgiji. Yeye na mtoto wako wana nkambo mmoja, ila hawana pasipoti moja. Komisyonere anajua jambo hilo vizuri. Anaonyesha picha za kweli ili kuuza njia ambayo kwa mtoto wako haiko.

Tulipomweleza mama, alinyamaza kwanza. Kisha akauliza: «Na zile 150?» Hatukuwa na jibu zuri la kumpa. Mpaka leo telefone ya mtu huyo inaita bila kujibiwa.

Kwa nini wanauliza feza?

Ulizo hili ni la maana hata kwetu, kwa sababu viza nyingine, kama zile za masomo ambazo watoto wetu wanaweza kuomba, zinauliza jambo hilohilo. Kwanza tuangalie wale vijana wenye haki ya viza ya likizo na kazi. Australia inawaambia wawe na kama dola 5 000 za Australia, ni kusema zaidi ya dola 3 000 za Marekani, pamoja na feza za tiketi ya kutoka. New Zealand inauliza wengi wao dola 4 200 za kwao. Canada inauliza dola 2 500 za Canada. Uingereza inauliza paundi 2 530, na inataka ziwe zimekaa katika konti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Mtu anayefika katika nchi ya watu hapati mshahara siku ya kwanza. Analala wapi? Mwenye nyumba anataka garanti kabla ya kumpa ufunguo, kama vile hapa kwetu. Atakula nini mpaka tajiri amlipe? Akiugua? Serikali ya huko haitaki kumlisha mgeni. Na kijana asiye na kitu mfukoni anaweza kukubali kazi yoyote, hata ile mbaya, hata ile ya kumwonea.

Tafazali tushike jambo hili: feza za kuonyesha hazilipwi kwa mtu. Hazilipwi kwa anbasade wala kwa komisyonere. Zinabaki katika konti ya msafiri, na ni zenyewe atakazokula akifika. Kinacholipwa ni gharama ya ombi, na hiyo hairudishwi hata viza ikikataliwa. Kwa hiyo mtu akikuambia: «Nipe feza za kuonyesha, nitazipeleka mimi,» ujue kwamba amekwisha kukuambia yeye ni nani.

Karani wa viza anasoma kama karani wetu

Mama mmoja katika mkutano aliuliza: «Kama feza ziko katika konti siku ile ya kutoa releve, watajuaje kwamba ni za kuazima?» Tukamwomba karani wetu afungue vitabu vya wanachama.

Ninyi nyote munavijua vitabu hivyo. Kila juma, mama akinunua hisa, anapigiwa muhuri. Tukitazama ukurasa wa mama anayeuza samaki wakavu, tunaona mihuri miwili, mitatu, miwili, juma moja hakuna kitu kwa sababu mtoto alikuwa hospitali, kisha mitatu tena. Hata bila kumjua tungesema: huyu ni mtu anayefanya kazi, na feza hizi ni zake. Sasa tuwaze ukurasa mwingine: mwaka mzima mweupe, na siku moja mihuri hamsini. Karani gani hatauliza?

Releve ya banki inasomwa namna hiyo. Haionyeshi tu hesabu ya mwisho. Inaonyesha siku feza zilipoingia, kiasi gani, na zilipotoka. Canada, kwa mfano, kati ya vithibitisho inavyokubali kwa wanafunzi inataja releve za miezi minne iliyopita. Anayesoma anatafuta majibu ya maulizo matatu: Feza hizi ni za nani? Zimetoka wapi? Zitabaki hapo, au kesho zinarudi kwa mwenyewe?

Feza za siku tatu hazijibu hata ulizo moja. Na hatari haiishi kwa kukataliwa. Serikali ya Canada ikiona kwamba mtu amedanganya au ametoa karatasi ya uongo, inaweza kumfungia mlango miaka mitano. Uingereza inaweza kumfungia miaka kumi. Na jina linaloandikwa ni la mtoto wako, si la komisyonere. Tena, feza zilizopita katika konti ya mtoto zikiwa zimeibwa mahali, ni nani ataitwa kujibu? Ni mwenye konti.

Njia iliyo wazi, na bei yake

Kijana mwenyewe alikuja kutuona baada ya masomo. Akauliza bila hasira: «Basi mimi sina mlango hata mmoja?» Ni ulizo la haki, na tulimjibu kwa haki.

Mlango ambao vijana wetu wengi wanajaribu ni masomo. Lakini huko feza za kuonyesha ni nyingi zaidi. Canada iliuliza kwa muda mrefu dola 10 000 za Canada kwa maisha ya mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Tangu tarehe 1 Januari 2024 ikapandisha mpaka 20 635, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 ni 22 895, isipokuwa Québec yenye hesabu yake. Hapo minervali na tiketi bado hazijahesabiwa. Ujerumani inauliza euro 11 904 kwa mwaka. Wengi wanaziweka katika konti iliyofungwa: mwanafunzi akifika anaruhusiwa kutoa euro 992 tu kila mwezi. Ufaransa inauliza euro 615 kwa kila mwezi wa masomo. Ubelgiji inakubali mlezi, yaani mtu anayeandika kwamba atamlipia mwanafunzi, na mtu huyo anaonyesha mapato yake mwenyewe.

Tulifanya hesabu ubaoni pamoja na kijana. Dola 22 895 za Canada zinapita dola 16 000 za Marekani. Mama yake, soko likienda vizuri, anapata faida ya dola 10 kwa siku. Akiweka dola 10 kila siku, hata siku ya Mungu, bila kununua unga, bila makala, bila kulipia wadogo masomo, inahitaji siku 1 600. Ni zaidi ya miaka minne. Kijana alitazama ubao, akasema: «Sikuwa najua.»

Hatuandiki haya ili kuvunja moyo wa mtu. Watoto wa mji huu wameenda kusoma mbali na wamefaulu. Lakini wengi wao hawakubebwa na kibanda cha mama peke yake. Wengine walipata basi, ile inayolipa masomo, na barua ya basi hiyo ikawa uthibitisho wa feza. Wengine walikuwa na mjomba au shangazi mwenye mshahara unaojulikana aliyekubali kuwa mlezi. Ni vizuri jamaa ikae chini na kuuliza mapema: sisi tuna nini kati ya hayo? Ikiwa jibu ni kwamba bado hatuna, si haya kusema «bado». Haya ni kuuza parsele iliyoachwa na baba ili kulipa mtu asiyejibu telefone.

Kama jamaa inataka kujitayarisha

Haya ndiyo tuliyokubaliana kuyashauri:

1. Anza na pasipoti na orodha. Kabla ya kulipa hata falanga mia, angalia kama viza hiyo iko kwa raia wa nchi yetu. Soma kwenye ukurasa wa serikali yenyewe. Anwani za serikali ya Australia zinaishia na gov.au, za Uingereza na gov.uk, na ya Canada ni canada.ca. Kama husomi Kiingereza wala Kifaransa, mwombe mwalimu wa mtoto wako. Dakika ishirini zinatosha.

2. Majina yawe sawasawa. Sisi tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo, na kila ofisi inayapanga kwa namna yake. Kama konti ina majina mawili na pasipoti ina matatu, anayesoma anaweza kufikiri ni watu wawili. Rekebisha mapema banki, kabla ya kuomba.

3. Feza zionekane. Feza zilizo katika sanduku letu ni za kweli, na zilizo katika telefone pia. Lakini kwa dosie ya viza, konti ya banki inayoingia feza mwezi kwa mwezi ina nguvu zaidi. Kidogo cha kila mwezi kina sauti kuliko kingi cha siku moja.

4. Kingi kikiingia, kiwe na karatasi. Si kosa kuuza parsele au kupokea likelemba. Kosa ni kukosa maelezo. Weka akte ya mauzo. Kama ni feza za kikundi, kitabu cha mwanachama na barua iliyotiwa sahihi na viongozi vinaweza kueleza zilikotoka. Mwenye biashara aweke patente yake na kitabu cha mauzo.

5. Mlezi aseme yote. Barua yake ieleze ni nani kwa mtoto, na akte za kuzaliwa zionyeshe udugu huo. Aongeze karatasi za mshahara na releve zake. Mjomba mwenye watoto watano wa kulisha aulizwe kama kweli ataweza, kwa sababu anatia sahihi kwa feza zake.

6. Usiazime ili kuonyesha. Mkopo unaorudi kesho si feza za msafiri. Na hakuna komisyonere anayeweza kuahidi viza, kwa sababu si yeye anayetoa.

7. Kila feza inayolipwa iwe na risiti. Mtu akikataa kuandika, na wewe kataa kulipa.

Sanduku litafunguliwa

Mama yetu wa vitenge hakupata mkopo wa dola 300. Alilia kidogo, na mama wawili walimsindikiza mpaka nyumbani. Siku iliyofuata alirudi sokoni kama kawaida. Zile dola 150 hazijarudi. Alikubali tuandike habari yake bila jina, akasema: «Muandike, ili mwingine asile hasara ile niliyokula mimi.»

Kwa mkutano wa siku ya posho inayokuja kuna ombi lake la pili. Anaomba dola 120. Karani atauliza: «Ni kwa kazi gani?» Safari hii ni za kununua mita ya kupima umeme, bisibisi na kamba za waya, ili mtoto aanze kutengeneza umeme katika nyumba za kartye. Mtoto mwenyewe amefungua konti ya banki kwa jina lake, lile lililo katika karatasi zake, jina kwa jina. Bado anasema kwamba siku moja atasoma mbali. Hatukumkataza. Tulimwambia aweke releve zote.

Wenye funguo tatu tafazali wafike mapema.

Maulizo ya kuzungumza katika kikundi

• Je, kuna mtu aliyekuja katika kartye yetu kuahidi viza? Aliomba nini, na alitoa risiti?

• Katika kikundi chetu, mama akiomba mkopo kwa safari ya mtoto, tutaomba kuona karatasi gani kabla ya kufungua sanduku?

• Ni nani kati yetu, au kati ya watoto wetu wakubwa, anayeweza kuwasomea wengine ukurasa wa serikali ya nchi za inje?